Mama Mkwe Kakaa Mlangoni mwa Karavani

Mseti, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Nilikuwa nafunga TV ukutani kwenye ile karavani, nyumba ya magurudumu niliyonunua kwa wale wa kambi ya watalii. Kumbe ukuta ni plywood, nyuma yake hewa tupu! Nimemaliza kukaza tu, skrubu zikachomoka. Nikaidaka TV kwa kichwa na mkono mmoja, drili mkono wa pili. Na sina shati, kwa joto lile la bati.

Mara nasikia, "Hodi." Mama yake Gati! Katoka Kerende kwa miguu!

Nikapiga kelele, "Mama, usiingie!"

Mseti, nimemwambia mama mkwe asiingie!

Akajibu taratibu, "Siingii, baba. Tangu lini mila ikaturuhusu mimi na wewe kukaa chumba kimoja?" Nikamweleza TV inaniangukia, ukuta haushiki skrubu. Akauliza niko upande gani, akaanza kugonga ukuta kwa nje kwa fimbo yake. "Hapa patupu. Hapa patupu. Hapa kuna mbao, toboa hapa."

Nikatoboa. Skrubu ikauma! TV imetulia kama imezaliwa pale.

Sasa sikia. Shati langu liko nje kwenye kamba. Mke wangu Gati kaenda kusaga mahindi. Mlango ni mmoja tu, na mama mkwe kakaa kwenye ngazi yake, kanipa mgongo, anamsubiri binti yake.

Njoo umsalimie, umhamishie kivulini. Nakuomba!

Nimeiwasha TV nikidhani kelele zitamfukuza. Anasema niongeze sauti.