Ile Fleti Yako ya Japani

Mpendwa Baba Neema,

Nimerudi Toronto wiki iliyopita kutoka Japani, na mwili bado haujui kama ni asubuhi au jioni. Nilikwenda kuiuza fleti yako. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka tulivyogombana kwa ajili yake. Ulirudi kutoka zamu ya mizigo kule uwanja wa ndege, hukuvua hata koti, ukaniwekea simu kando ya sahani yangu. Kwenye picha kulikuwa na jengo la kijivu, limezeeka, saa nzima kwa treni kutoka Tokyo, katika mji uleule ulikosomea ufundi wa injini kabla hatujaoana.

"Mama Neema, hii ndiyo pensheni yetu," ukasema. "Ina mpangaji tayari. Sisi ni kupokea kodi tu."

Mimi nilitaka tuache kupanga hapa mtaani Downsview, tununue nyumba yetu wenyewe hapahapa Toronto, hata ndogo. Nikakwambia kule Japani nyumba ikizeeka bei inashuka. Ukanijibu, "Ndiyo maana tunaimudu." Ukapanda ndege kwenda kuiona, ukarudi umeshatia sahihi. Kwa majuma mengi tulisalimiana tu kama majirani wanaokutana kwenye lifti.

Na kodi haikupanda hata mara moja. Kila nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Tutaona mwakani." Siku moja nikakwambia, mbele ya Neema, kwamba wewe ni mvivu wa kudai haki yako. Uliendelea kumenya viazi. Mwaka huohuo moyo wako ukasimama ukiwa kazini, na neno lile sikupata nafasi ya kulirudisha.

Majira ya kuchipua, kamati ya wamiliki wa jengo iliandika kwamba mabomba yote yamechakaa, kila mwenye fleti achangie kuyabadilisha. Nikasema basi, naiuza. Dalali akashauri ingeuzika vizuri zaidi ikiwa tupu. Neema akaomba likizo, tukaenda sote wawili.

Mpangaji wako, Bi Morita, ni mjane wa umri wa mama yako. Alitupokea mlangoni akiinama, tukavua viatu, akatuwekea chai kwenye meza fupi. Dalali alikuwa akitafsiri. Kabla sijafungua mdomo, yule mama aliuliza kama mume wangu hajambo. Ikabidi nimwambie. Alisogeza birika kando, akaongea kwa sauti ya chini.

Alisema siku ulipokuja kuiona fleti, vyombo vyake vilikuwa tayari kwenye maboksi. Aliamini mwenye nyumba mpya atamtoa, na kote alikouliza walimkatalia kwa sababu ya uzee. Ukamweleza, kwa Kijapani chako cha kuungaunga, kwamba ulipokuwa mwanafunzi nyumba nyingi za mtaa ule zilikukatalia wewe pia kwa kuwa mgeni, mpaka mama mmoja akakupa chumba. Ukamwambia akae muda wote atakaotaka, kwa kodi ileile. Halafu ukavua koti ukamsaidia kutoa vyombo kwenye maboksi.

Miaka ishirini na miwili ya ndoa, Baba Neema, na hukuwahi kunisimulia habari za milango hiyo iliyofungwa. Mimi nilijua tu picha zako za kucheka kwenye theluji na wenzako wa karakana.

Bi Morita akauliza kama nimekuja kumtoa. Dalali alitafsiri huku akiangalia kikombe chake. Karatasi za mauzo zilikuwa kwenye mkoba, magotini kwangu.

"Mwambie abaki," nikasema.

Neema aligeuka, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo, na mabomba tutayalipia kidogo kidogo.

Kwa hiyo bado tunapanga hapahapa, na nimeomba zamu za ziada kule ninakohudumia wazee. Siku nyingine nikiwa kwenye basi naona fahari kuwa mke wako. Siku nyingine nakukasirikia mpaka nasahau kushuka kituoni. Fleti ilikuwa biashara mbaya, hilo bado nalisema. Lakini si fleti inayoniuma. Ungeniambia tu. Ningenuna wiki nzima, halafu ningekubali.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema