Oksijeni ya Mchana

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaniuliza tena: maji ya ziwa ni mazuri au la? Ijumaa anaingiza vifaranga wa samaki kwenye vizimba vyake. Wa kwanza tangu aache kazi! Nikamwambia oksijeni ni miligramu tisa kwa lita, na samaki wanataka tano tu. Akanikumbatia. Mpimaji ni mimi – asiponiamini mimi amwamini nani?

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeshusha ile sahani nyeusi na nyeupe ya kupimia uwazi. Zamani niliiona hadi mita mbili. Leo nusu mita tu, imepotea. Maji kijani – mwani! pH nayo imepanda kupita tisa. Ila oksijeni bado inang'ara. Bosi kasema nisitafute mchawi. Moyo wangu hautulii.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshtuka napiga mswaki. Sisi tunapima mchana tu! Dereva wa boti hatoki mpaka jua lichome, na jua ndilo linaloufanya mwani utoe oksijeni. Giza likiingia, mwani wenyewe unaivuta. Miaka yote tumepima shibe ya mchana, njaa ya usiku hatuijui. Mbumbumbu sisi!

Nimempigia dada asubiri nipime alfajiri. Kasema vifaranga wameshaagizwa, nisimtie hofu bure, juzi si nilimwambia mwenyewe ni tisa? Sikio la kufa... hapana, kwa dada yangu siimalizii.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi kaguna, kisha kakubali: boti kesho alfajiri. Dada hapokei simu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwenye boti, mwandiko unaruka. Kabla ya jua nimepima: moja nukta mbili. Nimesuuza kipimo, nimerudia. Moja nukta moja. Dereva akauliza kama kimeharibika. Laiti kingekuwa kimeharibika! Nimemwambia aelekee moja kwa moja kwenye vizimba.

Tumechelewa. Kumbe lori lilileta vifaranga jana jioni, siku moja kabla, na dada kawamwaga wote. Nawaona kutoka hapa – wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Naogopa. Dada amesimama kwenye ubao na ndoo ya chakula, anatupungia mkono.

"Mdogo wangu, njoo uone! Wana njaa hao, wote wamekuja kunisalimia!"

Na anachota bakuli jingine, anawamwagia.