Kiberiti cha Naftali Mahakamani

Tabea! Tabea! Kaka yangu hafukuzwi kazi! Naandika huku nacheka peke yangu.

Yule Mbelgiji wa Kongo, ambaye Naftali alimsimamisha daraja la Themi akiendesha gari upande wa kulia kama kwao, leo amekana kwa Kiswahili chake cha Kongo. Amekana, mwenzangu! "Tangu mpakani nimeshika kushoto. Askari wenu mwongo." Nami mkalimani nikalazimika kumwita kaka yangu mwongo kwa Kiingereza safi.

Hakimu akamkazia macho Naftali. "Kama umemsingizia, sare hiyo unaivua leo."

Unadhani alitetemeka? Naftali? Akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka mezani. "Hili ndilo gari la Bwana. Kikombe chako, Bwana Hakimu, ni lori la kahawa linalotoka Kikatiti. Bwana atuonyeshe alivyopishana nalo."

Mbelgiji akacheka kwa dharau. Akashika kiberiti, akakisukuma kwa mbwembwe zote.

Kulia!

Tabea, kulia! Mkono ulikwenda wenyewe, ukakivaa kikombe uso kwa uso, na chai yote ikamwagikia mapaja ya hakimu!

Hakimu akaruka, akatoa neno la Kiingereza ambalo chuoni hawakutufundisha. Nikafungua kinywa nitafsiri.

"Hilo liache," akasema, akijikung'uta. "Tafsiri hili: ana hatia."

Nimelitafsiri, mwenzangu. Mara mbili, na ya pili nadhani imesikika hadi mtaa wa Kijenge.