Aliinua Mkono, Nikasimama

Jumanne. Kumekuwa na mawingu tangu asubuhi hapa Mumbuni, na mvua haitaki kunyesha wala kuondoka. Hata mimi niko hivyo.

Nimerudi jana jioni kutoka Tanzania na Mwende wangu amenikataa.

Si kusema analia. Angelia ningejua la kufanya. Ananiangalia tu kama mtu aliyekuja kuuza kitu, halafu anaficha uso kwa shingo ya nyanyake. Nikimpa titi anageuza kichwa. Mtoto hata meno ya juu hayajatoka yote, na tayari anajua kununa.

Mwaitu, ndiye mama yangu, alikuja kutoka Muthetheni kumlea nikiwa kwa mashindano ya pikipiki. Jana kabla sijavua viatu alinipeleka nyuma ya nyumba akaniambia nikamue maziwa yote chini. Mtoto hapewi maziwa ya safari, alisema, hayo yamekaa kwa jua na kwa hofu. Sikubishana. Nilikamua nikaangalia udongo ukinywa. Nikarudi ndani nikijua sasa niko sawa, na Mwende akanikataa vilevile.

Wacha niandike vile ilikuwa, labda roho itatulia.

Sijasoma sana, niliachia kidato cha pili. Lakini pikipiki naijua. Kabla nizae nilikuwa nabeba watu Katangi, kwa mchanga wa mito iliyokauka, abiria na gunia na kuku juu ya gunia. Ndiyo maana Kocha Muli alinichukua kwa timu yake, mwanamke peke yangu. Mashindano yenyewe si ya uwanjani. Ni ya porini, siku nzima, mawe na milima, na kuna vituo lazima ufike kabla muda wako uishe. Ukichelewa sana, umetoka. Ukianguka, unajiinua. Mtu wa nje akigusa pikipiki yako, umetoka pia.

Nilikuwa naendesha vizuri. Shida ilikuwa kifua. Chini ya ile kinga ngumu wanayotuvalisha, maziwa yalikuwa yamejaa mpaka kila jiwe nililoruka nililisikia mara mbili. Kila kituo nilitamani kujificha mahali nikamue. Kila kituo niliangalia saa nikaondoka.

Halafu tukateremka kwa korongo, Watanzania ndivyo wanaita mto mkavu. Mchanga mzito, kama wa Katangi kabisa. Nikasema moyoni, hapa ni nyumbani. Nikafungua mafuta.

Kwa ukingo wa mbele kulikuwa na mama mmoja, mtoto mgongoni, anatazama mashindano kama wengine. Nadhani alifurahi kuona ni mwanamke anakuja. Akainua mkono.

Na mimi nikashika breki.

Sikuamua. Vidole viliamua. Kwa kazi ya boda, mkono ukiinuliwa kando ya njia huyo ni abiria, unasimama. Gurudumu la mbele likazama na pikipiki yote ikanilalia mguu.

Yule mama alishuka mbio. "Pole dada. Ngoja nikuinulie."

"Mama, usiiguse. Tafadhali, usiiguse."

Alibaki mikono hewani, uso kama mtu aliyetukanwa. Sikuwa na muda wa kumweleza. Mtoto wake akaanza kulia, kile kilio cha njaa, na maziwa yangu yakatoka yenyewe. Nililowa mpaka tumboni. Niko chini kwa mchanga, injini imezima, wenzangu wananipita, mtoto wa mtu analia na mwili wangu unamjibu. Nikajiuliza, kwani nilikuja kutafuta nini huku?

Nilichomoa mguu. Nikajaribu kuiinua, ikanishinda. Nikajaribu tena, ikanishinda. Yule mama hakuondoka. Alikuwa amebana mikono kwapani, kama anaizuia isije ikanisaidia kwa bahati mbaya, na alikuwa anasema polepole, "Haya dada. Haya. Inakuja."

Ikaja.

Nilipofika mwisho walikuwa wanakunja utepe. Mwenye saa aliangalia saa, akaniangalia, akaangalia saa tena. Halafu akatikisa kichwa kuwa ndiyo. Nimehesabiwa. Wa mwisho kabisa, lakini nimehesabiwa. Nikaenda nyuma ya lori nikakamua huku nalia, sijui ni furaha au ni nini.

Nilimweleza Kocha kwa nini nilianguka. Akauliza, "Kwani huyo mama alikuwa anaenda wapi?" Timu yote ikalala chini kwa kicheko. Sasa jina langu ni Steji, kama pale boda husimama kungoja abiria.

Nilicheka pia. Sikujua Mwende ananingoja na sura hiyo.

Leo asubuhi Kocha amepiga simu. Kuna mashindano mengine, Uganda, anataka jibu leo. Nimemwambia nitampigia. Nitajibu nini, na mtoto wangu ananiona mgeni? Kifua kimeanza kulegea, na naogopa. Mtoto akikaa hivi kidogo tu, maziwa yatakata, na hilo halitakuwa kosa la mtu mwingine. Mwaitu hajanilaumu. Ningependa anilaumu. Amesema tu, "Usimfuatefuate, mama. Wacha akujie."

Hapo niliacha kuandika. Mchana nikashindwa kukaa ndani. Nikatoka nikapangusa pikipiki yangu ya kazi, ile ya zamani, nikaiwasha nisikie kama betri bado iko. Sauti yake ni mbaya, inakohoa kwanza ndiyo iwake. Kabla ya safari, kila jioni nikitoka kubeba abiria hapa Mumbuni, Mwende alikuwa anaisikia kwa lango kabla anione, na alijua ni wakati wa kunyonya. Naapa sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa natafuta tu kitu cha kushika.

Nikageuka. Mwaitu amesimama mlangoni na Mwende kiunoni. Uso umetoka shingoni. Anaangalia pikipiki. Ananiangalia. Anaangalia pikipiki tena, kama yule mwenye saa.

Sikusogea.

Akainua mkono.

Nikazima injini.

Sasa ananyonya. Naandika kwa simu na kidole kimoja, mkono ule mwingine umemshika. Anavuta kwa hasira, na jicho moja amekataa kulifunga, linanilinda nisiende mahali. Mvua nayo imeanza kupiga mabati.

Kocha amepiga tena nikiwa katikati ya kuandika. Sijashika. Uganda natamani, wacha nisijidanganye, natamani sana. Sijui kama nitaenda, na kama nitaenda sijui nitaenda vipi. Nitampigia baadaye.

Kwa sasa niko na abiria.