Mkono Niliouzuia Kukosea

Mama,

Leo ni miezi mitano tangu tukuzike. Bado sijalia. Watu wa kanisa wanasema nimepewa nguvu; mimi naona nimekauka tu. Naamka katika chumba changu cha Biharwe, nakunywa chai, napanda boda, naenda chuo. Ndiyo hivyo.

Kazi yangu ya mwisho chuoni uliiulizia mara mingi, nami kila mara nikakujibu, "Ni mambo ya kompyuta, Mama." Uvivu. Ngoja nikueleze sasa. Nimetengeneza mkono ndani ya kompyuta, wa mistari tu, unaojifunza kufikisha kikombe mdomoni. Unakosea, unapima umekosea kiasi gani, unajirekebisha, unajaribu tena. Tunadhani ubongo wa mtu nao, kwa sehemu, unajifunza hivyo. Basi wiki iliyopita nikaongeza kitu: nguvu ya kuushika ule mkono usitoke njiani. Haukukosea tena hata mara moja. Nikauacha uende hivyo mara mia, kisha nikaiondoa ile nguvu.

Ukamwaga kama siku ya kwanza. Ulikuwa haujajifunza kitu.

Niliitazama skrini, nikaifunga, nikaenda kununua chapati. Nilikula mbili.

Unakumbuka, baada ya kiharusi, kule nyumbani kambini Nakivale, ulivyotaka kunywa mwenyewe kwa mkono wa kuume? Mkono uliosuka nywele za nusu ya kambi tangu tulipotoka kituo cha mapokezi cha Kabazana. Ulikuwa unasema, "Niache nimwange, ni chai yangu." Nami nafunika vidole vyako kwa vyangu, nanyanyua kikombe, halianguki hata tone. Wageni wanasema, "Mama Riziki, Mungu alikupa mtoto kweli!" Wewe unageuza uso ukutani. Hicho ndicho ninachokiona kila siku, ule uso ukutani. Halafu kiharusi cha pili hakikutungoja.

Nilimwuliza mwalimu wangu kama ni mimi niliyeuzuia mkono wako kujifunza. Akasema nisimtafute mtu ndani ya mchoro; fasi moja, sehemu nzima ya ubongo wako, ilikuwa imekufa, na mkono wa kompyuta haujui kufa. Huenda mkono wako usingerudi hata ningekuacha. Huenda. Siwezi kujua, Mama, na hapo ndipo nimekwama.

Jumamosi nilikuja Nakivale. Yule jirani yetu Mrundi, Mama Odette, mume wake naye amepigwa na kiharusi. Aliniita nimlishe, "kama ulivyomlisha mama yako, kwa heshima ile ile." Nikamtia mzee kijiko mkononi, nikakalia mikono yangu. Uji ukaenda kwenye shati. Ukaenda kwenye shati tena. Mama Odette akanitazama kama mchawi. Mzee akacheka, Mama! Akachota tena.

Pale nikajua. Wewe hukuona haya kumwaga. Mimi ndiye niliyeona haya mbele ya wageni, nikasema ni heshima.

Nitakwenda kwake kila Jumamosi, na sitamshika, hata mke wake aninunie. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine. Pumzika, mama yangu. Nisamehe. Na kama huwezi, nikasirikie. Nilikuzuia mambo mingi, hilo sikuzuii.

Mtoto wako,
Riziki