Sala Iliyozuia Habari za Barabara

Jumatatu, 3 Juni
Jenereta imewaka. Mtandao umekuja saa tatu. Nimesoma habari za barabara. Mtu mmoja akiandika kwenye liste yetu ya barua pepe, wafanyabiashara wote wa Masisi wanapata. Mimi ndiye msimamizi. Kutoka Walikale kwa Mama Masika, kimya siku ya tatu. Duka lake liko kandokando ya njia, huona hatari kabla ya wote. Ijumaa mume wangu Paluku anapeleka lori Omate kwa njia hiyo. Kimya hiki sikipendi.

Jumanne, 4 Juni
Nimempigia Masika. Amewaka. "Natumaka kila siku! Shida iko kwenu kule."
Kweli. Barua zake zilifika kwenye liste, liste ikazisambaza, seva za wapokeaji zikazikataa. Sanduku la zilizokataliwa nilikuwa sijalifungua tangu Pasaka. Uvivu wangu. Zote zasema njia ni salama. Bahati tu.

Jumatano, 5 Juni
Nimeelewa. Seva ya Masika hupiga muhuri juu ya kila barua. Liste yetu huongeza chini: "Bikira Maria, utulinde njiani." Maneno yakiongezeka, muhuri haulingani tena. Ni kama gunia lililoshonwa Muheto, likafunguliwa njiani: mnunuzi halitaki. Zamani seva zilivumilia. Juzijuzi kampuni inayompa Masika anwani yake imeagiza seva zote: barua yenye jina letu, muhuri ukiharibika, ikataliwe.
Wafanyabiashara waliiomba sala hiyo mkutanoni. Niliyeiweka ni mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Papa Kambale, mkubwa wa chama chetu cha wafanyabiashara, hakutaka kusikia. "Barua ya njia bila sala? Unataka tukufe?"
Nilimjibu kwa ukali kwamba sala yake ndiyo inafunga habari. Kwa mzee kama yule! Naye akajibu: "Basi kila muntu aandike sala yake yeye mwenyewe, mbele ya kutuma."
Sawasawa kabisa. Anachoandika mtumaji kinapigwa muhuri pamoja na barua. Siku mbili nimehangaika na mashine, mzee kamaliza kwa sentensi moja. Nimeona wivu.
Nimeifuta sala. Nimefuta na neno BARABARA ambalo liste ilikuwa ikibandika kwenye kichwa cha kila barua, maana nalo huharibu muhuri.

Ijumaa, 7 Juni
Paluku ameondoka saa kumi na mbili, akaanzia Lushebere kupakia maharage. Saa moja na nusu barua ya Masika imeingia: "Masasi inalia upande wa Omate. Musipite."
Habari ya risasi imefika kwa wote. Hakuna iliyokataliwa. Nimempigia Paluku mara tano bila kumpata. Niliogopa, sifichi. Papa Kambale, naye kaisoma barua, akamtuma mtu wa pikipiki. Kamkuta Paluku palepale Lushebere, bado anafunga turubai.

Jumapili, 9 Juni
Njia bado imefungwa. Paluku yuko uani tangu misa, analalamika kwamba maharage yataota ndani ya lori. Mwache alalamike. Nimesogeza kiti karibu na mlango nimsikie vizuri.