Mukhwana Darasa Lake, Mulongo Lake

Jumatano, Januari 1997

Joto tangu asubuhi, na vumbi la barabara limeingia mpaka kwenye sufuria. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Obusuma, ugali wa kwetu, inapoa mezani, sijaigusa.

Leo mapacha wangu wametenganishwa.

Mukhwana, msichana, amepanda darasa la pili la chekechea. Kaka yake Mulongo amebaki na wadogo. Walizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, wote wawili, lakini Mukhwana alitangulia kupata nguvu. Tulipomleta nyumbani, Mulongo alibaki hospitalini kwenye mashine ya joto. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na sasa anakaribia miaka mitano kifungo cha shati bado kinamshinda. Maneno yake ni machache.

Wiki jana mwalimu wake, Mwalimu Rose, aliniita. Nilienda nimejiandaa kugombana.

"Mama Mapacha, si kwamba hana akili," alisema. "Nikimwambia alete kikombe halafu akae, anashika jambo moja tu. Hapa kwangu ninaweza kumwambia polepole. Kule juu watoto ni wengi. Halafu nikimuuliza Mulongo kitu, ni Mukhwana anayejibu."

"Amezoea kumsaidia."

"Ndiyo. Na yeye amezoea kusaidiwa."

Baba yao alikubali palepale. Mimi nililia jikoni. Niliona kama tunamwambia mtoto kwamba bado hajatosha. Alizaliwa akiambiwa hivyo.

Leo kazini nimeshona mfuko wa sare upande usio wake, nikafumua, nikaukosea tena. Mama Aisha, fundi tunayeshona naye, alininyang'anya kitambaa. "Enda uangalie watoto wako. Hapa unaharibu tu nguo za watu."

Nikaenda.

Kwenye veranda ya shule nilimkuta mtoto mmoja amekaa peke yake, macho yamevimba. Alikuwa Mukhwana. Amelia tangu asubuhi, hata uji amekataa.

"Mama, Mulongo amekula?" aliniuliza. "Nani amemfunga viatu?"

Nilimshika mkono, tukasogea mpaka mlango wa Mwalimu Rose. Mulongo alikuwa sakafuni akipukuchua mahindi ndani ya bakuli, punje moja moja, ulimi umetoka nje. Ni kazi anayopewa ili vidole vipate nguvu. Hakutuona.

Mwalimu alitoka, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wakati wa kugawa uji alimruka kwa kusahau. Mulongo akainua mkono. "Mwalimu, mimi sijapata."

Hayo tu.

Sijawahi kumsikia mtoto huyu akijiombea kitu. Siku zote dada yake husema kabla yake. Na mimi husema kabla ya dada yake.

Nimefurahi, siwezi kukataa. Lakini wakati wa kurudi nyumbani Mukhwana alimshika mkono kama kawaida, na Mulongo akautoa taratibu, akatangulia mbele yetu, kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Mikono yangu iliwasha kwa hamu ya kumrekebisha. Nikaizuia. Mukhwana alisimama katikati ya njia akinitazama, kama mtu aliyefukuzwa kazi bila kuambiwa kosa.

Tangu hapo sijatulia.

Miaka yote hii hofu yangu imekuwa juu ya Mulongo. Yule mwingine naye alizaliwa miezi saba. Naye alikuwa mdogo wa kutosha kulala kwenye kiganja cha baba yake. Kwa sababu aliwahi kutembea, tukamfanya mlinzi wa mwenzake, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Sasa tumemwondolea na ulinzi wenyewe, kwa asubuhi moja.

Nawasikia chumbani. Mulongo anaongea peke yake na vijiti vyake vya kuchezea. Mukhwana yuko kimya, na yeye si mtoto wa kukaa kimya.

Kesho Mulongo nitamwacha langoni aingie mwenyewe. Mukhwana ndiye nitakayeingia naye darasani, nikae naye kwenye benchi mpaka anywe uji.

Je, atanikubali?